Kipimo cha mkojo kimemtoa mdogo wangu kazini. Kuna mashine inayoweza kutofautisha dawa ya jino na unga wa heroini?

#1 BintiMikindani
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wenye kujua mambo ya maabara.

Mdogo wangu ni dereva wa semi, anapeleka saruji Songea. Jumanne iliyopita asubuhi waliitwa madereva kumi na moja getini, kila mmoja akapewa kikombe akakojoe. Kikachovywa kile kijistripu. Baada ya muda akaambiwa, "Wewe umetoka na afyuni." Funguo akanyang'anywa palepale mbele ya wenzake, akarudi nyumbani kwa bodaboda.

Huyu mtoto nimemlea mimi tangu mama yetu atangulie. Sigara tu hajawahi kuvuta. Siku tatu kabla ya kipimo aling'oa jino, akapewa vidonge vya maumivu kwenye kile kibahasha cha karatasi kilichoandikwa 1x3. Alikuwa pia na kikohozi, na alikuwa anamalizia dozi ya UTI.

Nimesikia kuna mashine inayotenganisha dawa mojamoja ndani ya mkojo, na kwamba siku hizi wanatumia tone dogo tu la kimiminika kuivuta dawa yote kutoka kwenye mkojo. Ni kweli? Inafanyaje kazi?

#2 Ngongo_Lindi
Pole sana dada. Naweka kambi hapa nisubiri wataalamu.

#3 KamandaWaMasasi
Pole, lakini tuambiane ukweli. Kila dereva akikamatwa jino ndilo linalouma. Kipimo hakina chuki na mtu. Gari la tani thelathini likimshinda mtu aliyelewa unga, wanaokufa ni wa kwenye basi.

#4 DerevaWaKusini
Kamanda, punguza. Mimi niko barabarani mwaka wa ishirini na mbili sasa, na yalinikuta. Nilikunywa dawa ya maji ya kikohozi niliyonunua njiani, kesho yake nikapimwa nikaonekana mtumiaji. Nilikaa nyumbani wiki tano. Hakuna aliyeniuliza nimemeza nini, na mimi sikujua kama naweza kudai kipimo cha pili. Dada Binti, usikubali yaishie kwenye stripu.

#5 FundiMaabara
Dada Binti, pole. Nimekaa maabara miaka 14, nitajibu ninachokijua.

Stripu ina kingamwili, yaani protini iliyotengenezwa ikamate umbo la mofini, dawa kali ya maumivu inayotoka kwenye afyuni. Haijui jina la dawa, inajua umbo. Kodeini, dawa ya maumivu na ya kikohozi, inafanana sana na mofini, kwa hiyo nayo inakamatwa. Juu ya hapo, ini lenyewe hugeuza sehemu ndogo ya kodeini kuwa mofini. Mtu aliyemeza kodeini kwa ajili ya jino atatoa mofini ya kweli kabisa kwenye mkojo wake. Stripu inasema tu kwamba humu mna mtu wa ukoo huu. Ndiyo maana ni kipimo cha awali, na cha kuthibitisha ni mashine.

Sasa hilo tone. Ni kweli, lipo. Unachukua mkojo mililita 5 kwenye tyubu yenye ncha chini. Unapandisha pi-echi, yaani kipimo cha asidi na besi, ifike karibu 9, ili dawa iache kung'ang'ania maji. Halafu unavuta kwenye sindano asetoni mililita moja iliyochanganywa na kloroformu mikrolita 8, unaisukuma ndani ya mkojo kwa nguvu, mara moja. Hapohapo mkojo unabadilika, unakuwa mweupe kama tui la kwanza. Weupe ule ni vitone vidogo visivyohesabika, na kila kimoja kinanyonya dawa kutoka pande zote. Unazungusha kwenye sentrifyuji dakika chache, wingu linatua, na kwenye ncha ya tyubu linabaki tone moja saizi ya kichwa cha pini. Dawa iliyokuwa imetawanyika kwenye mililita 5 sasa imebanwa kwenye mikrolita zisizozidi kumi. Unalivuta tone kwa sindano nyembamba, unaliingiza kwenye kromatografu, ndiyo hiyo mashine ya kutenganisha dawa.

Mara ya kwanza kuona lile wingu nilikuwa mwanafunzi. Nilimwita mwenzangu aje aangalie, alipofika limeshatua. Nikarudia.

#6 BintiMikindani
Asante sana kaka. Kwa hiyo tone ndilo linaloingia kwenye mashine, mkojo wenyewe hauingii?

#7 MtotoWaRondo
Fundi umeeleza vizuri, ila sahihisho dogo. Ile mikrolita 8 ni ya tetrakloroethilini, ndiyo waliyotumia Wairani walioitangaza njia hii mwaka 2006, kina Rezaee na Assadi, na walikuwa wanapima maji, si mkojo. Kloroformu inatumika pia, lakini kiasi hubadilika kulingana na kazi.

Na Binti, kuna njia nyingine ya zamani kuliko hiyo, isiyohitaji kiyeyushi kabisa. Ni uzi wa kioo kama wa sentimita moja, umepakwa utando mwembamba unaopenda dawa, umefichwa ndani ya sindano. Unautoa, unautumbukiza kwenye mkojo au unauning'iniza juu yake chupa ikiwa imefungwa, dawa inaganda kwenye utando. Unaurudisha ndani, unakwenda kuuchoma kwenye mdomo wa mashine wenye moto, dawa inaachia. Profesa Pawliszyn wa Waterloo, Kanada, ndiye aliyeianzisha, mwaka 1990. Zote hizi zinaitwa maikroekstraksheni, yaani kuchopoa kwa kiasi kidogo sana.

#8 BiShangani
Huo uzi mbona nauelewa kuliko tone. Si ndiyo kufukiza kanga? Unaitandaza juu ya tenga, udi unafuka chini, kanga haijagusa chetezo lakini harufu yote imeingia ndani ya kitambaa. Ukienda kuivaa kwenye joto, harufu inatoka.

#9 MtotoWaRondo
Bi Shangani, umeeleza kuliko mhadhiri wangu. Ndivyo ilivyo hasa kwa dawa zinazoruka hewani, kama amfetamini. Mofini ni nzito, hairuki kirahisi, kwa hiyo uzi inabidi uzame kwenye mkojo wenyewe.

#10 Ngongo_Lindi
Uzi ndani ya uzi. Endeleeni wakuu.

#11 MwalimuChuno
Nafundisha kemia, naomba nijazie upande wa kromatografia, maana tone peke yake halitenganishi kitu. Tone limekusanya tu.

Darasani huwa natwanga majani ya kisamvu kwenye spiriti, nachukua chaki nzima, naisimamisha kwenye yale maji ya kijani. Baada ya dakika kumi wanafunzi wanaona rangi zinapanda kwa mwendo tofauti, kijani inabaki chini, njano inatangulia juu. Mrusi Mikhail Tsvet alifanya hivyo mwanzoni mwa karne iliyopita kwa rangi za majani, bomba lake akalijaza unga wa kalisi kaboneti. Mashine za leo ni chaki ileile, ila koluma ya gesi ni mrija mwembamba wa urefu wa mita 30 hivi uliozungushwa kama springi ndani ya tanuri.

#12 DerevaWaKusini
Mwalimu, mimi nimeelewa kidereva. Mabasi mawili yanatoka stendi ya Mtwara saa moja. Moja linasimama Mikindani, linasimama kila penye mti wenye kivuli, lingine linakwenda moja kwa moja Mnazi Mmoja ya Lindi. Ukikaa Mnazi Mmoja na saa yako unajua lipi ni lipi hata kabla ya kusoma ubavuni.

#13 FundiMaabara
Namba 12, kula tano. Muda wa kufika ndio kitambulisho cha kwanza. Lakini mabasi mawili tofauti yanaweza kufika dakika moja. Kwa hiyo pale mwisho tunaweka masi spektrometa, inayovunja kila molekuli inayofika na kupima uzito wa vipande. Kodeini ina vipande vyake, mofini ina vyake. Muda ukiendana na vipande vikaendana, hapo unaandika jina la dawa bila kusita.

Namba 7, sahihisho limepokelewa. Nilichanganya.

#14 KamandaWaMasasi
Nimesoma. Sipingi kemia. Niseme kwa nini niko mkali: mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa utingo, tukamsikiliza kila kisingizio, leo dawa ya kifua, kesho ya mgongo, hadi tukamzika. Kwa hiyo nauliza na mimi kwa nia njema. Hiyo mashine ikikuta mofini, itajuaje kama imetoka kwenye kodeini ya duka la dawa au kwenye unga? Si mofini ni mofini?

#15 BintiMikindani
Pole kaka Kamanda. Sikujua. Na hilo swali ndilo linaloninyima usingizi.

#16 MwalimuChuno
Linganisha kiasi. Kodeini ikiwa nyingi kuliko mofini, alimeza kodeini. Mofini ikiwa nyingi na kodeini haipo au ni chembe, alitumia mofini au heroini.

#17 FundiMaabara
Mwalimu, hapo taratibu. Hiyo ni kweli saa za mwanzo. Ikipita siku moja na zaidi tangu kidonge cha mwisho, kodeini inaisha haraka kuliko mofini na uwiano unaweza kupinduka. Pia watu hatufanani. Kimeng'enya cha ini kinachogeuza kodeini kuwa mofini, kwa wengine kinafanya kazi kwa kasi kubwa, kwa wengine karibu hakifanyi. Nisingemfukuza mtu kazi kwa uwiano peke yake.

Kitu kinachomfunga mtumiaji wa unga ni 6-asetilimofini. Heroini ikiingia mwilini hugeuka kuwa hiyo kwanza, halafu ndiyo mofini. Kodeini haiwezi kuizalisha, wala mofini ya hospitali. Ikionekana, hakuna cha jino.

#18 KamandaWaMasasi
Na isipoonekana?

#19 FundiMaabara
Hapo ndipo pagumu. Inakaa kwenye mkojo saa chache, ikizidi sana kama siku moja. Isipoonekana haimsafishi mtu aliyevuta siku mbili nyuma.

#20 MtotoWaRondo
Na kuna mtego mwingine maabara. Mofini nyingi kwenye mkojo inatoka imefungwa na sukari ya glukuroni, na ikifungwa hivyo inapenda maji, haiingii kwenye tone wala kwenye uzi. Lazima uifungue kwanza. Ukitumia asidi kali na moto unaifungua haraka, lakini unaiua 6-asetilimofini, inageuka mofini ya kawaida na ushahidi umekwenda. Wengi wanatumia kimeng'enya, kimojawapo kinatoka kwa konokono. Inachukua muda mrefu zaidi, ila ni salama.

#21 BiShangani
Konokono! Mbona mnatuchanganya na mchuzi wetu.

#22 Nesi_Nachingwea
Salaam. Kabla hatujafika kwa konokono, mdogo wako aliona mistari mingapi?

Nauliza kwa sababu tumezoea stripu ya malaria na ya mimba, mistari miwili maana yake ipo. Stripu za dawa za kulevya ni kinyume. Mistari miwili ni hakuna, mstari mmoja wa juu peke yake ndio ipo. Na ule wa pili hata ukiwa hafifu kiasi cha kuinamia, bado unahesabika ni hakuna. Nimewahi kumkuta mtu ofisini, si wa afya, anawasomea vijana kwa kanuni ya malaria. Watatu walikuwa wameshaandikiwa barua.

#23 DerevaWaKusini
Wallahi sikujua hilo. Mimi yangu ilikuwa na mistari miwili.

#24 BintiMikindani
Nimempigia sasa hivi. Anasema aliona mmoja mwekundu na mwingine "kama haupo". Aliyesoma alikuwa mtu wa utawala, si wa maabara.

#25 KitereJuu
Mnazunguka bure. Msimu huu mashamba yote yanapuliziwa salfa. Mkorosho ukipigwa salfa tunakohoa wiki nzima, mkojo wenyewe unanuka. Itakuwa imeingia kwenye kipimo. Au alikunywa uraka.

#26 FundiMaabara
Kitere, salfa itakuwasha macho na kifua, lakini haifanani na mofini hata kidogo, kingamwili haiigusi. Uraka na gongo la mabibo ni pombe, ambayo ina kipimo chake. Ukitaka kushuku kitu, shuku dozi ya UTI. Levofloksasini na ofloksasini zimeshaonekana kuchanganya baadhi ya vipimo vya afyuni. Siprofloksasini pia inawezekana, mara chache zaidi, inategemea stripu imetengenezwa vipi. Hata rifampisini ya kifua kikuu imewahi kuleta hayo. Mbele ya kromatografia hakuna hata moja inayopita kwa jina la mofini.

#27 KitereJuu
Sawa mkuu, nimejifunza. Bei ya korosho mnada wa mwisho mliisikia?

#28 Ngongo_Lindi
Hilo fungulia uzi wake, hapa kuna kazi ya mtu.

#29 Nesi_Nachingwea
Jingine, kwenye pakiti ya stripu kuna namba. Nyingine 300, nyingine 2000, ni nanogramu kwa mililita. Marekani walikuwa wanatumia 300 kwa wafanyakazi wa serikali, mwaka 1998 wakapandisha hadi 2000, kwa sababu waliokula mikate ya mbegu za mpopi, mmea unaotoa afyuni, na waliomeza vidonge vya kodeini walikuwa wananaswa bure. Stripu za 300 bado zinauzwa kila mahali. Mtu wa jino anaweza kunaswa kwenye 300 akapita kwenye 2000, mkojo uleule.

#30 KamandaWaMasasi
Hapo nimeelewa. Lakini tukumbuke wapo wanaokunywa maji lita tatu ili wapite. Msiwape mbinu.

#31 FundiMaabara
Mbinu hiyo inaonekana, Kamanda. Tunapima kreatinini, taka ya kawaida ya mwili inayotoka na mkojo. Ikishuka chini ya miligramu 20 kwa desilita, na uzito wa mkojo umekaribia wa maji matupu, tunaandika umechanganywa na maji. Na mkojo uliotoka mwilini sasa hivi unatakiwa uwe kati ya nyuzi 32 na 38 ndani ya dakika nne, ingawa kwa jua la Mtwara saa saba mchana chupa iliyofichwa mfukoni nayo inafika humo, kwa hiyo joto peke yake halitoshi.

#32 MwalimuChuno
Fundi, juu kwenye #5 ulisema pi-echi karibu 9. Kwa nini isiwe 12 au 13, kama besi ndiyo inayoifukuza dawa kwenye maji?

#33 FundiMaabara
Kwa kodeini ungeweza kupanda. Mofini ina pande mbili, upande mmoja ni besi, mwingine una tabia ya asidi. Ukishuka sana upande wa kwanza unapata chaji, ukipanda sana upande wa pili unapata chaji, na chenye chaji kinabaki kwenye maji. Nafasi yake ni nyembamba, hapohapo karibu na 9. Ukikosea, tone linatoka na kodeini tele na mofini kidogo, na ule uwiano wako wa #16 unakuwa wa uongo. Ndiyo maana kabla ya yote tunaongeza kwenye mkojo kiasi kinachojulikana cha mofini yenye hidrojeni nzito. Inapotea kwa kiwango kilekile inavyopotea ya mgonjwa, lakini masi spektrometa inaziona mbili tofauti. Hapo unajua umepoteza kiasi gani njiani.

#34 MwalimuChuno
Nimekubali. Nafuta #16 nusu yake.

#35 BintiMikindani
Wakuu nimerudi. Mwenzake mmoja alipiga picha ya stripu kwa simu, amenitumia usiku huu. Pembeni inasomeka 300. Mstari wa chini upo, hafifu sana, lakini upo.

#36 Nesi_Nachingwea
Ilipigwa saa ngapi? Stripu inasomwa ndani ya dakika tano hadi kumi. Ikikaa, inakauka na mstari unaweza kujitokeza ambao haukuwepo. Picha ya baada ya saa nzima haimsaidii wala haimfungi.

#37 BintiMikindani
Anasema ilikuwa wakati wa chai. Walipimwa saa mbili asubuhi. Sijui.

#38 DerevaWaKusini
Na mkojo uko wapi? Waligawa chupa mbili, moja ikafungwa lakiri akasaini?

#39 BintiMikindani
Vikombe vilimwagwa vyote palepale kwenye mtaro. Hakusaini chochote. Nifanye aende apimwe upya kesho kwa mashine? Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapa Mtwara, naweza kumpeleka nikaulizie.

#40 FundiMaabara
Ulizia, lakini dada, leo ni siku ya sita. Kodeini na mofini zinakaa kwenye mkojo siku mbili, tatu hivi. Hata kwa tone, hata kwa uzi, mkojo wa kesho utakuwa mtupu. Utaonyesha kwamba hatumii sasa, hautasema lolote kuhusu Jumanne.

#41 KamandaWaMasasi
Hata hivyo ampeleke. Mtumiaji wa kila siku hawezi kuwa mtupu kesho. Mdogo wangu asingeweza.

#42 MtotoWaRondo
Binti, kile kibahasha cha 1x3 bado kipo? Vidonge viliisha vyote?

#43 BintiMikindani
Ngoja niangalie kwenye begi lake.

Kipo. Vimebaki viwili, vyeupe, vina mstari katikati, na upande mmoja kuna herufi zimefutika. Alisema maumivu yaliisha Jumatatu usiku akaacha.

#44 FundiMaabara
Usivitupe na usivitoe kwenye hicho kibahasha. Kidonge kinapimwa kirahisi kuliko mkojo, kinasagwa, kinayeyushwa, kinaingia kwenye mashine ileile, hakuna konokono wala wingu. Nenda na cheti cha kung'olewa jino na umwombe aliyempa dawa aandike jina la dawa hiyo na tarehe. Kikitoka kodeini, itaonyesha alipewa nini. Hakitaonyesha alichomeza kingine.

#45 KamandaWaMasasi
Kesho nina safari ya Mtwara mjini. Kama hana mtu wa kumsindikiza, niandikie faragha, nitampitia asubuhi.